Tope la Ziwani na Safari za Barafu ya Mlima Kenya

Chini ya barafuto (mito ya barafu) za Cesar na Joseph, katika bonde la Hausberg lililo upande wa magharibi wa vilele vya Mlima Kenya, kuna ziwa dogo liitwalo Hausberg Tarn. Liko zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo usiku maji ya pembezoni hushika ganda la barafu na mchana jua la ikweta huliyeyusha. Mpanda milima anaweza kulipita akaliona kuwa ni maji ya kujazia chupa tu, ilhali tope lililotulia sakafuni mwake limetunza habari za kupanuka na kusinyaa kwa barafu kwa muda wa takriban miaka 6,000. Hakuna maandishi yanayoweza kutupa habari hizo. Msafiri Samuel Teleki alifika mlimani mwaka 1887, mwanajiolojia J. W. Gregory akazifikia barafuto mwaka 1893, na mwanajiografia Halford Mackinder akasimama juu ya kilele cha Batian mwaka 1899. Kwa hiyo kumbukumbu zilizoandikwa na waliozikaribia barafu hizo hazijafikisha hata miaka 150. Kinachostahili kuelezwa kwa makini ni namna tope linavyoweza kushuhudia jambo lililotokea juu yake mlimani, na ni wapi ushahidi wake unapaswa kutiliwa shaka.

Tuanze na barafuto yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Theluji inayoanguka juu ya mlima mwaka baada ya mwaka hugandamizwa na uzito wa theluji mpya, hewa hutoka, na hatimaye huwa barafu ngumu. Barafu hiyo ikishakuwa nene vya kutosha huanza kuteremka polepole kwa uzito wake wenyewe. Ncha yake ya chini husimama pale ambapo kiasi cha barafu kinacholetwa kutoka juu kinalingana na kiasi kinachopotea kwa kuyeyuka au kugeuka mvuke. Tunaposema kwamba barafuto imesonga mbele, maana yake ni kwamba barafu inayoletwa imezidi ile inayopotea, na ncha imeshuka bondeni. Tunaposema imerudi nyuma, barafu haijapanda mlima. Bado inateremka kama kawaida, ila ncha yake inaliwa haraka kuliko inavyolishwa. Hivyo kila tunapotaja mwendo wa barafuto wa zamani, tunazungumzia mahali ilipokuwa ncha na ukubwa wa barafu yote iliyokuwa nyuma yake.

Barafu inapoteremka haiendi bure. Tumboni na chini yake kuna mawe iliyoyang'oa njiani, na mawe hayo husugua mwamba ulio chini mithili ya jiwe la kusagia nafaka. Kinachopatikana ni unga wa mwamba, chembe laini za kijivu ambazo nyingi hazionekani kwa macho matupu. Maji yanayotoka chini ya barafuto huubeba unga huo hadi ziwani, na ndiyo sababu maziwa yaliyo karibu na barafu huwa na rangi ya kijani au buluu yenye weupe kama wa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji mengi. Chembe yenye kipenyo cha sehemu mbili za elfu za milimita huhitaji karibu siku tano kushuka mita moja katika maji baridi yaliyotulia kabisa. Ziwa, kwa utulivu wake, ndiyo mahali pa kwanza njiani ambapo unga huo hupata nafasi ya kutua.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Barafuto ikiwa kubwa husaga mwamba mwingi, maji huwa na unga mwingi, mwanga hauingii vizuri ziwani na mwani haustawi. Tope linalotua wakati huo huwa la kijivu, zito, lenye madini mengi na mabaki machache ya viumbehai. Barafuto ikisinyaa, unga hupungua, maji hung'aa, mwani huongezeka, na kwenye miteremko iliyoachwa wazi huota kuvumwani, nyasi na hatimaye lobelia na miti ya senesio, ambayo majani yake makavu husombwa hadi ziwani. Tope la wakati huo huwa la kahawia au jeusi, jepesi, lenye mboji. Tabaka hutua juu ya tabaka, na anayelikata tope hilo wima husoma kutoka chini kwenda juu, kama ukuta uliojengwa safu kwa safu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusitazame matuta ya mawe na kifusi ambayo barafuto huyaacha kwenye ncha yake, yale ambayo wanajiolojia huyaita moreni. Matuta hayo yanatazamwa sana, na pale Mlima Kenya yameshuka chini kabisa katika mabonde ya Teleki, Mackinder na Gorges. Moreni inaonyesha hasa mahali barafu ilipofika, jambo ambalo tope la ziwani haliwezi kulisema. Udhaifu wake ni kwamba barafuto inayosonga mbele zaidi kuliko iliyoitangulia huisukuma na kuisaga moreni ya zamani, hivyo kinachobaki mlimani ni alama za misogeo mikubwa tu, huku midogo iliyokuja kabla yake ikiwa imefutwa. Ziwa lililo nje ya njia ya barafu halifutiwi kitu. Linaendelea kupokea unga mwaka hadi mwaka, barafu ikiwa kubwa au ndogo, na kwa sababu hiyo kumbukumbu yake haina mapengo makubwa kama ya moreni. Wibjörn Karlén wa Sweden alilitambua hilo mapema, na katika miaka ya 1970 akatumia tope la maziwa ya Lapland, kaskazini mwa nchi yake, kufuatilia barafuto za huko. Baadaye akiwa na wenzake, miongoni mwao akiwemo mtafiti wa Kenya, akaileta mbinu hiyo Hausberg Tarn, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999.

Kulipata tope lenyewe ni kazi ya misuli. Vifaa hubebwa na wapagazi hadi ziwani: mashua za mpira za kujaza hewa, mbao, kamba, vyuma virefu vya kuunganisha na mabomba. Mashua mbili hufungwa pamoja kwa mbao zikawa jukwaa lenye uwazi katikati, na jukwaa hilo hutiwa nanga kwa kamba pande zote ili lisicheze. Chombo kinachotumika sana kilibuniwa na mwanaikolojia Mmarekani Daniel Livingstone katika miaka ya 1950. Ni bomba la chuma lenye pistoni ndani yake. Bomba linaposhushwa majini pistoni huwa imefungwa mdomoni, kwa hiyo maji wala tope la juu haliingii. Likifika kina kinachotakiwa, pistoni hushikwa na waya kutoka juu isishuke zaidi, na bomba peke yake husukumwa kwenda chini kwa nguvu za mikono. Bomba huipita pistoni iliyosimama, tope huingia chini yake, na mfyonzo unaofanyika ndani hulizuia lisikandamizwe wala lisidondoke wakati wa kuvutwa. Kila mara hupatikana mche wa tope wenye urefu wa takriban mita moja, kisha chombo hurudishwa kuchukua mita inayofuata. Kosa la kuhesabu vyuma vilivyounganishwa, hata kwa kimoja, linaweza kuleta mita ileile mara mbili au kuruka karne nyingi, na ndiyo maana kwa kawaida hutobolewa tundu la pili kando ya la kwanza, likianzia kina tofauti kidogo, ili matabaka ya miche miwili yaoanishwe.

Katika maabara mche hupasuliwa katikati kwa urefu. Nusu moja huhifadhiwa na nyingine hukatwa vipande vya sentimita moja moja au vyembamba zaidi. Kipimo cha kwanza ni cha kale na rahisi, nami nadhani ndicho kinachoeleweka upesi kuliko vyote. Kipande hukaushwa kwa nyuzi joto 105, hupimwa uzito, kisha huchomwa tanurini kwa nyuzi 550 kwa saa kadhaa. Mabaki ya mimea na mwani huungua na kuondoka, madini hubaki. Tuseme kipande kilikuwa na gramu 2.0 kabla ya kuchomwa na gramu 1.6 baada ya hapo. Gramu 0.4 zilizopotea ni asilimia 20 ya uzito wote, nacho ni kiasi cha mabaki ya viumbehai, dalili kwamba barafu haikuwa ikimwaga unga mwingi. Kipande kingine kikipoteza asilimia 4 tu, kinatoka kwenye kipindi ambacho ziwa lilijaa unga wa mwamba. Vipimo vingine huongezwa juu ya hicho: jinsi tope linavyoitikia sumaku, kwa sababu mwamba uliosagwa huwa na madini mengi zaidi ya chuma kuliko mboji, ukubwa wa chembe, na aina za diatomu, ambazo ni mwani wenye ganda la silika linalodumu kwa maelfu ya miaka. Kipimo kimoja peke yake hudanganya kwa urahisi. Viwili au vitatu vikikubaliana, mtafiti hupata ujasiri.

Hadi hapa tuna mfuatano, bado hatuna tarehe. Sweden walikuwa na bahati ambayo sisi hatuna. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanajiolojia wa huko, Gerard De Geer, aligundua kwamba matope yaliyotua mbele ya barafu ya kale yana mistari jozi jozi: wakati wa kiangazi barafu huyeyuka na kuleta chembe kubwa, wakati wa baridi maziwa hufunikwa na barafu na zile laini ndizo hutua. Jozi moja ni mwaka mmoja, na akaihesabu kama pete za mti. Katika ikweta hesabu hiyo haiwezekani kwa namna hiyo. Mlima Kenya hauna majira ya baridi. Tofauti ya joto kati ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti ya mwezi na mwezi, barafu huyeyuka karibu kila siku ya mwaka, na kinachobadilika ni masika, vuli na miezi mikavu iliyo kati yake. Tope haliachi mistari safi ya kuhesabika.

Ndiyo sababu hutegemewa kaboni-14. Mmea ulio hai hupokea kaboni hiyo kutoka hewani. Ukifa, kaboni huanza kupungua na hubaki nusu baada ya miaka 5,730. Kipande cha jani au mbegu kilichopatikana katika tabaka fulani hupimwa, na umri wake hukadiriwa. Lakini umri wa kaboni si umri wa kalenda, kwani kiasi cha kaboni-14 hewani kimekuwa kikibadilika, na lazima urekebishwe kwa kulinganishwa na pete za miti na kumbukumbu nyingine zenye tarehe zinazojulikana. Tofauti inaweza kuwa kubwa sana. Livingstone, yule aliyebuni chombo cha pistoni, alichukua tope la Ziwa Mahoma katika milima ya Rwenzori, Uganda, ziwa lililokaa ndani ya moreni kwenye mwinuko wa karibu mita 3,000. Mwaka 1962 alitangaza kwamba tope la chini lina umri wa kaboni wa takriban miaka 14,700. Kwa kalenda, hiyo ni karibu miaka 18,000. Asiyejua tofauti hii anaposoma makala mbili za nyakati tofauti atadhani watafiti wanabishana, kumbe wanatumia vipimo viwili vya muda. Kwa tabaka changa za karne moja na nusu hivi hutumika risasi-210, aina ya metali ya risasi ambayo nayo hubaki nusu baada ya miaka 22 hivi, pamoja na caesium-137, dutu ya mnururisho iliyotawanywa na majaribio ya mabomu ya nyuklia na kufikia kilele karibu na mwaka 1963.

Kwa njia hizo, tope la Hausberg Tarn limesomwa kuwa na vipindi sita vya barafu kupanuka. Cha kwanza kilikuwa karibu miaka 5,700 iliyopita. Vilifuata kile cha kati ya miaka 4,500 na 3,900, cha miaka 3,500 hadi 3,300, na kile kirefu cha miaka 3,200 hadi 2,300. Kisha kifupi cha miaka 1,300 hadi 1,200, na cha mwisho cha miaka 600 hadi 400. Miaka hii huhesabiwa kurudi nyuma kutoka 1950, kwa hiyo kipindi cha mwisho kinaangukia takriban kati ya 1350 na 1550. Msafiri Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331, na Wareno waliuvamia mji huo mwaka 1505. Tarehe mbili zinazofahamika vizuri pwani zinakaribia kukikumbatia kipindi kizima ambacho huku bara barafu ya Mlima Kenya ilikuwa kubwa.

Sasa tuutilie ushahidi huo shaka inayostahili. Tope la kijivu halina muhuri wa barafu. Maporomoko ya ardhi baada ya mvua kubwa huleta ziwani tabaka la madini linalofanana nalo, ingawa kwa kawaida huwa na chembe za ukubwa mchanganyiko na hukoma ghafla. Barafuto inayorudi nyuma huacha kifusi kilegevu kisicho na mimea, na mvua inaweza kukisomba kwa miaka mingi, hivi kwamba unga mwingi ukafika ziwani wakati barafu inapungua. Kuna mtego mwingine ambao binafsi nauona mgumu zaidi. Barafuto ikirudi nyuma mara nyingi huacha shimo linalojaa maji na kuwa ziwa jipya upande wa juu. Lewis Tarn, lililo chini ya barafuto ya Lewis, ni la namna hiyo. Ziwa jipya huunasa unga, maji yanayoteremka huwa yamechujwa, na ziwa la chini huandika katika tope lake kana kwamba barafu imetoweka kabisa, wakati bado ipo. Tena, ikiwa barafu iliwahi kulifunika ziwa lenyewe, ilikwangua tope lote la kabla yake. Tarehe ya tope la chini kabisa hutuambia tu kwamba barafu ilikuwa imekwisha kuondoka kufikia wakati huo. Dawa ya mitego hii ni kulinganisha. Huchukuliwa tope la ziwa linalolishwa na barafuto na la ziwa jirani lisilolishwa nayo. Mabadiliko yanayoonekana katika maziwa yote mawili yameletwa na mvua au uoto; yanayoonekana katika la kwanza pekee yanaelekea kuwa ya barafu.

Hata tukishajua kwamba barafu ilipanuka, hatujajua sababu. Barafuto hukua kwa baridi, hukua pia kwa theluji nyingi na mawingu yanayoizuia isipigwe na jua, na katika ikweta njia hizi zote zina nguvu. Kundi lililoongozwa na Philip Barker lilichapisha mwaka 2001 uchunguzi wa diatomu kutoka Simba Tarn na Small Hall Tarn, maziwa mengine ya Mlima Kenya, likipima aina za oksijeni zilizomo katika maganda yake kwa kipindi cha miaka 14,000. Walikuta mabadiliko makubwa mno ya ghafla, na wakayahusisha na vipindi vya mvua na theluji nyingi vinavyofungamana na joto la maji ya Bahari ya Hindi. Bahari ileile inayoleta masika Mombasa na Tanga ndiyo inayolisha, au kunyima, barafu iliyo mlimani. Kwa hiyo msomaji anapokutana na mchoro unaogeuza rangi ya tope moja kwa moja kuwa nyuzi joto, ana haki ya kuuliza mvua imewekwa wapi.

Rwenzori inaonyesha vizuri faida ya kuuliza hivyo. Msafara wa mwaka 1906 wa Duke wa Abruzzi, mpanda milima wa Italia, ulichora ramani ya barafuto ambazo hesabu yake imekubalika kuwa 43, zilizoenea kwenye milima sita na kufunika karibu kilomita 7.5 za mraba. Kwa miaka mingi ramani hiyo ilichukuliwa kama mwanzo wa hadithi, kana kwamba barafu ilikuwa imetulia hadi walipofika wenye kamera. Tope la maziwa ya huko, katika utafiti ulioongozwa na James Russell na kuchapishwa mwaka 2009, linaonyesha kwamba kurudi nyuma kulianza karibu mwaka 1870, zaidi ya miaka thelathini kabla ya msafara, wakati ambapo hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa ikigeuka kuwa kavu na maji ya maziwa makubwa yakishuka. Ukavu ulianza kazi hiyo. Joto lililoongezeka katika karne ya 20 likaiendeleza. Ramani na picha peke yake zisingetuwezesha kutenganisha mambo hayo mawili.

Barafuto ya Lewis, ambayo imepimwa kwa karibu kuliko nyingine zote za Mlima Kenya, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na barafuto ya Gregory imekwisha kabisa. Mabadiliko hayo nayo yanaandikwa sakafuni mwa maziwa, lakini katika sentimita chache za juu, ambazo bado ni rojo na hutawanyika pistoni inapozigusa. Kwa hiyo tope hilo huchukuliwa kwa chombo kingine, bomba fupi linaloonyesha ndani, linaloshushwa polepole kwa uzito wake mwenyewe hadi mdomo wake uzame katika tope na maji yaliyo juu yake yabaki safi. Halilazwi kamwe. Hubebwa wima hadi kando ya ziwa, na kabla ya mtu yeyote kuanza kuteremka nalo mlimani, rojo hilo husukumwa juu kidogo kidogo na kukatwa papo hapo, nusu sentimita kwa nusu sentimita, kila kipande katika mfuko wake wenye namba.